Nesi Akisita, Mama Naye Husita

Leo tuweke kando singo na vitambaa. Wengi mmetuuliza kuhusu chanjo ya HPV, ile wanayochomwa wasichana skuli kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Sisi tuliielewa vizuri tulipokuwa Karatu.

Tulipeleka nguo za harusi, tukakaa siku nne kwa wenyeji wetu. Binti yao wa miaka 12 hajachanjwa. Mama si mkaidi. Alikwenda zahanati akauliza kama inafunga kizazi. Mhudumu akamjibu, "Watu wanasema hivyo, amua mwenyewe." Basi, imekwisha hapo! Vijijini Karatu na kule kwa wafugaji wa Ngorongoro, zahanati ya pili iko mbali, na neno la nesi ndilo watu wanalorudi nalo nyumbani.

Hatumlaumu sana. Mwaka 2018 chanjo ilipoanza nchi nzima walichanjwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Mwaka 2024 ikawa moja, miaka 9 hadi 14. Mhudumu ambaye hakuelezwa sababu ataonekana anaficha kitu. Na sababu ipo, tena ya hapa hapa Tanzania: huko Mwanza wasichana 930 waligawanywa, wengine dozi moja, wengine mbili au tatu, na miaka miwili baadaye karibu wote wa dozi moja walikuwa bado na kinga.

Jirani wa wenyeji wetu ni nesi aliyepata mafunzo ya chanjo hii. Alikuja jioni, akanywa chai, akamwacha mama aulize yote kwanza. Akamwambia chanjo haigusi mayai wala mfuko wa uzazi, inaufundisha mwili kumtambua kirusi kabla hajaingia. Mkono utauma, pengine homa kidogo. Kisha akasema wa kwake amechanjwa.

Mama akanyamaza, halafu akasema lile tunalolisikia hata huku kwetu visiwani: "Binti yangu ana heshima zake, chanjo ya nini?"

"Na mume atakayemwoa, dada, unayajua yake ya nyuma?"

Hapo tulitazamana. Ndoa ni ya halali, mahari yametolewa, na kirusi kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Mume mwenyewe hajui kama anacho. Kujikinga si kumtilia mtu shaka, na dini yetu haijatukataza dawa.

Tulipoondoka baba alikuwa ameomba namba ya yule nesi.

Nyinyi mabibi harusi mliopita umri wa chanjo, na sisi wa miaka thelathini na kitu, kuna kipimo cha siki: mhudumu anapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama pana mabadiliko. Hata aliyechanjwa atakihitaji akifika umri. Ukiona haya, omba mhudumu mwanamke, na mchukue wifi yako mwende pamoja.