Mjomba atakupatia kiti, kazi utaiomba mwenyewe

Mwaka wa masomo ukikaribia kuisha, nyumba yenye mtoto anayesoma sheria chuoni hupata swali lisilokwisha: nani ana mtu anayemfahamu kwenye ofisi ya mawakili? Swali hupita kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, likafika kwa shangazi aliyeko Arusha, likarudi kwa baba mdogo aliyewahi kununua kiwanja kupitia kwa wakili fulani. Mwanafunzi mwenyewe mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa anataka kwenda wapi, na akajifunze nini.

Fildi, kama vijana wanavyoyaita mafunzo kwa vitendo, ni wiki kadhaa za likizo ndefu ambazo mwanafunzi hukaa kwenye ofisi halisi aone kazi inavyofanywa. Chuo humpa barua ya utambulisho na daftari la kuandika alichofanya kila siku. Mahali pa kwenda, wengi hupatafuta wenyewe. Wapo wanaokwenda mahakamani, kwa mwanasheria wa halmashauri au kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Lakini wengi ndoto yao ni kampuni ya mawakili, kwa sababu huko ndiko wanakotamani kufanya kazi baadaye. Malipo mara nyingi hakuna. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanufaika wake, ila si kila mwanafunzi analipata. Nauli na chakula cha mchana hubaki mzigo wa nyumbani.

Mama mmoja wa Makambako, muuza mitumba anayezunguka na minada, alikutana na swali hilo mwaka ambao binti yake wa pili alikuwa mwaka wa tatu wa sheria jijini Dar es Salaam. Hakuwa na mtu. Wakili pekee aliyewahi kukaa naye meza moja ni yule aliyemgongea muhuri hati ya kiapo, jina la mtoto lilipokosewa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Binti hakusubiri. Yeye na mwenzake wa chumbani, mzaliwa wa Bukoba, waliandika barua kumi na moja kila mmoja, wakazipeleka kwa miguu kutoka Posta hadi Upanga. Makatibu muhtasi waliwapokea vizuri, barua zikagongwa muhuri, kikafuata kimya. Barua zao zilifanana na za wenzao wote, kuanzia salamu hadi sahihi. Ungeweza kufuta jina la ofisi moja ukaandika jingine, na hakuna aya ambayo ingeharibika.

Wiki ya tatu, simu ya yule wa Bukoba ikaita. Mwanamume aliyejitambulisha kuwa wakili alisema nafasi ipo, ila wazungumze kwanza jioni, hotelini, Sinza, na aje peke yake. Msichana alikataa. Usiku ule wawili hao walilisimulia jambo hilo kwa simu, na mama wa Makambako akasikia kila neno.

Mama hakulala. Kulipokucha alimpigia kaka yake anayeishi Mbezi.

“Kaka, sijawahi kukuomba jambo kubwa,” alimwambia. “Huyu mtoto nisaidie. Sitaki azunguke tena na barua mjini.”

Mjomba alipiga simu mbili. Kabla wiki haijaisha, binti alikuwa na nafasi kwenye kampuni kubwa ya mawakili, ghorofani, penye lifti na kiyoyozi. Mama alituma nauli ya wiki mbili na pesa ya viatu vyeusi, akashukuru Mungu.

Ni vigumu kumlaumu mzazi wa namna hiyo. Maneno ya kwamba mtoto aachwe ajitegemee ni mepesi kuyasema kwa anayeishi mbali na hoteli za jioni. Kumpigia ndugu simu si rushwa, wala si aibu. Jambo ambalo mama hakulijua, na mjomba hakulijua pia, ni kitu gani hasa simu ile ilikuwa imenunua.

Ilikuwa imenunua kiti. Binti aliwekwa jirani na mashine ya fotokopi. Hakuna aliyemtesa wala kumdharau. Tatizo lilikuwa kinyume chake: kila mtu alijua ameletwa na rafiki wa bosi, hivyo hakuna aliyethubutu kumtuma, na asiyetumwa hakosolewi. Saa nne chai, saa saba chakula, saa kumi na moja daladala. Daftari lake la fildi lilijaa sentensi moja iliyobadilishwa tarehe tu: “Nilisoma majalada.”

Mwenzake wa Bukoba, wakati huo, alikuwa amepokelewa na wakili mmoja wa kike mwenye ofisi ya vyumba viwili Temeke, juu ya duka la dawa. Barua iliyompa nafasi ile haikufanana na zile kumi na moja. Kabla ya kuiandika, aliingia TanzLII, mtandao unaoweka hukumu za mahakama bila malipo, akatafuta jina la yule wakili, akasoma hukumu mbili za mashauri aliyosimamia. Kwenye barua alieleza kwa mistari mitatu alichojifunza humo kuhusu mirathi, na kwa nini angependa kuona mashauri kama hayo yanavyoandaliwa. Alijibiwa siku ya pili.

Kila jioni huyu alirudi amechoka na ana la kusimulia. Leo amebeba majalada hadi Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, Mahakama ilikounganisha pamoja mashauri ya ndoa na mirathi. Kesho amemsikia hakimu akimuuliza msimamizi wa mirathi yuko wapi mtoto wa nne aliyetajwa kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo. Majina ya wateja hakuyataja, maana wakili wake alimwambia siku ya kwanza kwamba siri ya mteja haitoki ofisini, hata kwa mama mzazi.

Mama wa Makambako, ambaye maisha yake yote amesikiliza wateja wanaosema “nitarudi”, aliisikia tofauti. Akipiga simu, mtoto wa mwenzake alikuwa na habari, wa kwake alikuwa na “salama tu, mama”. Jioni moja ya wiki ya nne akauliza.

“Leo umeandika nini?”

“Sijaandika kitu, mama.”

“Na jana?”

“Jana pia.”

Mama alinyamaza kidogo. “Mjomba wako alikuombea kiti, mwanangu. Kazi hakuiomba. Hiyo kaiombe mwenyewe.”

Binti alikasirika, baadaye akaogopa. Kilichomwogopesha hakikuwa bosi. Aliogopa kwamba akipewa kazi, itajulikana hawezi. Miaka mitatu alikuwa amefaulu kwa kusoma kesi za watu wengine, na hajawahi kuandika hati hata moja ya kwenda mahakamani. Kile kiti cha karibu na fotokopi kilikuwa kinamficha, na sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imekipenda.

Kesho yake alimfuata wakili kijana wa chumba cha pili. “Samahani, wakili. Naomba kazi yoyote unayoweza kunikosoa.” Yule kijana alishangaa, akamwuliza kama Kiswahili chake ni kizuri. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapodai hivyo. Vyuoni masomo ya sheria yanaendelea kwa Kiingereza, na si kila aliyefaulu huko anaweza kuandika aya mbili safi za Kiswahili cha mahakama. Mtoto wa mnadani anaweza kuwa na mtaji ambao hajui kama anao. Binti akapewa hati ya kiapo ya Kiingereza aiandike kwa Kiswahili.

Rasimu ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika “naamini” mahali ambapo mwapaji hakuamini tu, alikuwepo na aliona kwa macho yake. Mahali pengine aliandika jambo kana kwamba mwapaji alilishuhudia, kumbe aliambiwa na jirani. Wakili kijana alimkalisha chini akamweleza: katika hati ya kiapo, unachokijua mwenyewe na ulichoambiwa havichanganywi, ukiwa umeambiwa, sema ni nani aliyekuambia. Mambo hayo alishayasoma darasani na kuyajibu kwenye mtihani. Siku hiyo ndiyo aliyaelewa, kwa sababu kulikuwa na mtu halisi ambaye angesimama mahakamani na karatasi ile. Rasimu ya pili ilirudi na mistari mitano. Ya tatu haikurudi.

Baada ya hapo alitumwa. Alipelekwa Kisutu kufuatilia tarehe, akaona mashauri matatu yakiahirishwa asubuhi moja. Alipanga vielelezo kwa herufi, akakosea, akapanga tena. Wiki ya mwisho msimamizi alisaini daftari lake na kuandika kwamba ni msikivu na anajifunza haraka. Hakumwahidi ajira. Binti aliondoka na orodha, kwa mwandiko wake mwenyewe, ya mambo saba asiyoyaweza bado.

Orodha ya namna hiyo ina thamani ambayo mzazi anapaswa kuijua. Shahada ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Kwa Tanzania Bara, mhitimu anayetaka uwakili hupita kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi wanaiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 matokeo yake yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu walikuwa 26, wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Waziri aliunda kamati iliyoongozwa na Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Mengi yalisemwa kuhusu vyuo, walimu na mitihani. Kwa upande wa familia, somo moja halihitaji kamati: anayefika kule akiwa hajawahi kuandika hati na kukosolewa, anaanza safari akiwa nyuma, na ada ni ya mzazi.

Basi mzazi asiye na mtu afanye nini? Ahimize barua ziandikwe mapema, miezi kadhaa kabla ya likizo, viti vikiwa bado wazi. Kila barua iseme jambo linaloihusu ofisi ile tu. Ofisi ndogo za mikoani na pembezoni mwa jiji zisidharauliwe. Wakili asiye na wasaidizi wengi ana kila sababu ya kumtuma mwanafunzi kazi ya kweli. Anayejiita wakili atafutwe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ambao unaonyesha mawakili waliosajiliwa. Akikutwa humo, bado si ruhusa ya kukutana naye hotelini. Kudai ngono ili kutoa nafasi ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Namba ya simu iliyopiga isifutwe, na mtoto aambiwe mapema, kabla hajaanza kuzunguka, kwamba akija na habari kama hiyo nyumbani hatagombezwa.

Na mzazi mwenye mtu? Apige simu, lakini baada ya mtoto kusema anataka kwenda wapi na kwa nini. Akimwombea, aongeze sentensi moja: “Mtumeni kama wengine, na akikosea mwambieni.” Sentensi hiyo inamwondolea mtoto ule ugeni wa heshima unaomfanya akae wiki tatu bila kuguswa.

Nauli iwekwe kando kabla fildi haijaanza, hata kama ni kwa kuuza kuku wawili, kwa sababu wapo vijana wanaoacha katikati kwa kukosa pesa ya daladala na kuona aibu kusema. Na jioni mzazi aulize. Asiulize kesi ni ya nani au nani kashinda, maana hayo si ya kutoka ofisini. Aulize kilichoandikwa leo, na nani aliyekisahihisha. Jibu likiwa ni lilelile siku tatu mfululizo, mtoto akaombe kazi asubuhi inayofuata, kabla wiki hazijaisha.