Kikopo cha Kahawa

Kwetu visiwani mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nimekaa Karatu miaka mingi nikifasiri, na adabu hiyo sijaiacha. Lakini mlinzi wangu alipohama aliniachia mtoto wa mbwa wa wiki nane, na mjukuu wa jirani alikwishaanza kumtia vidole kinywani.

Katika duka la kwanza, muuzaji alinitolea chanjo ya kichaa cha mbwa kutoka rafuni, ubavuni mwa mbegu za mahindi. Niliishika chupa, ilikuwa na joto la mchana. Chanjo hiyo hutunzwa baridini; ikipata joto hupungua nguvu, na mwenye mbwa hulala akidhani amekingwa. Nikairejesha.

Nikamtafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, mwenye jokofu. Nilikwenda na karatasi ya maelezo, anakula nini, aliharisha lini, pamoja na kinyesi chake ndani ya kikopo cha kahawa. (Mshairi hubeba mengi.)

"Mzee, mama yake alichanjwa?"

Sikujua. Akampima joto, akampa dawa ya minyoo, akamchoma sindano ya distempa, maradhi yaliyoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa. Kumbe nilikuwa nimewapakata na simba wa Ngorongoro.

Chanjo ya kichaa ingoje atimize miezi mitatu. Mpaka hapo, akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha hospitali siku ile ile. Nikazikumbuka mara saba zetu.

Sasa mjukuu wa jirani huja getini kila jioni, mikono nyuma, kuuliza zimebaki siku ngapi.