Mtego wa Paka

Wahenga walinena kwamba mtego wa panya huwanasa waliomo na wasiokuwemo. Methali hii huikariri sana madarasani, lakini uzito wake niliuonja nilipojitolea kuwanasa paka wasio na wenyewe mjini Lamu ili wahasiwe.

Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba visivyopitika kwa gari, na palipo na vichwa vya samaki hapakosi paka. Paka jike huweza kushika mimba angali na umri wa miezi mitano au chini ya hapo, huibeba kwa takriban miezi miwili, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wengi wa watoto hao hufa kwa njaa na maradhi. Kuwatilia sumu ni ukatili usiotatua jambo, kwani wengine huja kuitwaa nafasi iliyoachwa. Ndiyo maana huhasiwa, wakachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, wakakatwa ncha ya sikio iwe alama, kisha wakarudishwa walikotoka.

Kunena ni rahisi. Paka aliyeshiba haingii kizimbani, nao wenyeji ni wakarimu. Hivyo kabla ya kutega tuliwasihi majirani wasitupe makombo jioni hiyo. Waliotangulia kunaswa walikuwa wapole. Shume alizunguka, akanusa chambo, akaenda zake. Lakini aliyetutaabisha zaidi ni jike mjanja, kwa kuwa huyo mmoja akibaki, kichochoro hujaa tena.

Fauka ya hayo, lugha yenyewe ilitupa mtihani. Kitenzi 'kuhasi' huwaelea watu wanapofikiria fahali au beberu. Kwa jike tulilazimika kusema 'kufunga uzazi', na maneno hayo yalizua kumbukumbu za mijadala ya nyumba zao wenyewe. Bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hata paka nao mwawapangia uzazi?" Mzee jirani yake akaongeza, "Mola ameumba, nyinyi mwakata." Sikuyaona maswali hayo kuwa ya ujinga. Katika mji unaomkumbuka Abu Huraira, sahaba aliyepewa lakabu hiyo kwa ajili ya paka wake, mwenye kushika kisu hana budi kujieleza. Hoja zetu hazikumridhisha bibi. Kilichomlainisha ni kumwona paka wa barazani pake akirejea siku ya pili, akala, akalala palepale.

Usiku wa tatu jike yule mjanja alinaswa. Tulipomulika kurunzi tukaona chuchu zimejaa maziwa. Kumpeleka kwa daktari kungewaacha wanawe, tusiojua walipo, bila maziwa hadi kesho yake. Kumwachilia kungempa elimu ya mtego, asiingie tena. Tulifungua mlango. Bibi, aliyekuwa akitazama dirishani, hakusema neno, lakini asubuhi alituonyesha ghala alimowaficha wanawe, akaahidi kutuarifu watakapoacha kunyonya.

Waama, chuma na waya humnasa paka, ila hazimpati jirani. Anayetaka kuifanya kazi hii na aanze kwa kubisha hodi, asikilize pingamizi kwa adabu, ndipo abebe kizimba. Bila wenye mtaa, paka wa mwisho hapatikani; na maadamu yeye hajapatikana, kazi haijaisha.