Jasho Lilitoka, Ugonjwa Ukabaki

Huku kwetu Nambis, wilayani Mbulu, baridi ni kali, na kujifukiza ni desturi. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, nami nilichemsha majani ya mkaratusi, nikajifunika blanketi juu ya chungu. Jasho likanitiririka, pua zikazibuka, nikalala vizuri. Basi nikaufanya mvuke kuwa daktari wangu.

Mwaka uliofuata nilishikwa na kikohozi. Nilijifukiza kila jioni kwa miezi miwili, huku nikikonda. Mtoto wetu mdogo alipenda kuingia nami chini ya blanketi. Mke wangu akaniambia, “Baba Paskali, chungu hicho kinakudanganya.”

Nikaenda hospitali. Wakapima makohozi: kifua kikuu! Nilimeza dawa miezi 6, bila malipo, nikapona. Lakini mtoto naye alikuwa ameambukizwa. Alitibiwa, akapona, bali mimi ndiye niliyemwita chini ya blanketi lile.

Wasomaji, mvuke hufariji mwenye mafua, lakini hauui vijidudu vya kifua kikuu. Kikohozi kikifika wiki mbili, acha chungu, nenda ukapimwe.