Seli za Henrietta Lacks na sauti ya mama mmoja wa Beni

Siku moja katika kipindi cha jioni nilitaja kitabu juu ya mwanamke mweusi wa Marekani ambaye seli zake hazifi. Nilikitaja kwa haraka tu, kabla ya kusoma matangazo ya vifo. Tangu siku ile simu hazijakoma. Wengine wanauliza kama ni roman ya kutisha, ya daktari anayeiba miili ya watu ili apate dawa ya kuishi milele. Wengine, hasa jamaa zilizohama kutoka Eringeti na Mbau, wanauliza neno moja: ni kweli?

Ni kweli. Na kwa sababu dakika tatu za redio hazitoshi, naandika hapa.

Aliitwa Henrietta Lacks. Alizaliwa 1920 katika jimbo la Virginia, akalelewa kwenye mashamba ya tumbaku, akaolewa, akazaa watoto watano. Mwanzoni mwa 1951 alienda hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, kwa sababu alihisi uvimbe na alikuwa akitokwa na damu. Wakati ule wagonjwa weusi walilazwa upande wao peke yao. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi. Daktari alipoanza kumtibu alikata kipande kidogo cha ule uvimbe, kikapelekwa kwenye maabara ya mtafiti George Gey. Huyu alikuwa amejaribu miaka mingi kufanya seli za binadamu, yaani zile chembe ndogo sana zinazojenga mwili, ziishi ndani ya chupa. Zote zilimfia. Za Henrietta hazikufa. Ziliongezeka mara mbili kila saa 24 hivi.

Mwenyewe alikufa tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka ule ule, akiwa na miaka 31. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina mpaka 2010.

Seli ya kawaida hugawanyika mara 50 hivi, kisha inachoka. Zile zilikuwa zimeingiliwa na kirusi kinacholeta kansa ya aina hiyo, na hazina mwisho huo. Watafiti waliziita HeLa, wakagawiana, makampuni yakaanza kuziuza. Zilisaidia kupima chanjo ya polio miaka ya 1950. Zimepelekwa hata angani. Sisi tunaopeleka watoto kwenye chanjo tuna deni kwa mama huyo, na silisemi hili ili mtu aogope chanjo. Kilichokosekana ni kumwuliza. Sheria ya wakati ule haikumlazimisha daktari kuuliza, na hakuna aliyeuliza.

Mume na watoto walikuja kujua miaka zaidi ya 20 baadaye, watafiti walipowafikia kuwatoa damu na wao. Mwandishi Rebecca Skloot alitumia karibu miaka 10 kuifuata habari hiyo, kitabu kikatoka 2010. Mwaka 2023 jamaa ilipatana na kampuni moja kubwa, Thermo Fisher Scientific. Kiasi cha pesa hakikutangazwa.

Sasa, kwa nini nilikitaja Beni?

Mnakumbuka mwezi wa 8, 2018, Ebola ilipotangazwa Mangina. Mpaka ilipoisha mwezi wa 6, 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Mnakumbuka pia maneno ya watu: riposti inauza damu yetu, riposti inatoa viungo vya maiti. Mimi nilikuwa nikijibu kila siku kwenye mikro kwamba ni uongo. Na nilikuwa na mfano mzuri. Moja ya dawa mbili zilizofanya vizuri kwenye majaribio ya hapa kwetu, ile inayoitwa mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi ambayo Profesa Muyembe na watafiti wa Marekani waliifanya pamoja. Kwa waliopewa dawa hiyo walikufa karibu 35 kwa 100. Kwa waliopewa ile ya zamani, ZMapp, karibu 50. Nililieleza jambo hilo kwa furaha, na leo ningelieleza tena. Damu ya Mkongomani imeponya Wakongomani.

Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimechukua kitu cha mtu bila kuuliza.

Mwaka 2019 nilimkuta mama mmoja, mhami, amekaa nje ya kituo cha matibabu. Mtoto wake alikuwa ndani. Nilimwomba anieleze hali yake, akakubali. Aliongea muda mrefu, mpaka akacheka kidogo aliponieleza jinsi kijana huyo alivyompa kuku wa jirani jina la chifu. Kisha akalia, akasema watu walete watoto mapema. Siku mbili baadaye mtoto alikufa. Sisi tulikata ile sehemu ya kilio, tukaweka muziki chini yake, ikawa tangazo la kila jioni. Lilienda miezi. Tulisifiwa sana kwa tangazo hilo.

Mama huyo alikuja redioni mwaka uliofuata. Alikuwa akipika kwa jirani, redio ikawa wazi.

«Mwanangu,» aliniambia, «mtoto wangu anakufa kila siku saa kumi na mbili ya jioni. Nani alikuambia?»

Nilianza kueleza kwamba alikubali kuongea. Aliniacha nimalize. Kweli alikubali kuongea na mimi, siku ile, kwenye lile benchi.

Ndiyo maana nilipofika kwenye ukurasa ambapo Deborah, binti wa Henrietta, anaingia maabara kwa mara ya kwanza na kuonyeshwa seli za mama yake kwenye darubini, nilifunga kitabu. Alikuwa mtoto mdogo mno mama alipokufa. Wageni walikuwa wamemwona mama huyo kwa karibu kuliko yeye.

Mama wa Beni aliomba kusikiliza yote, toka mwanzo. Tulimpa kiti. Kwenye habari ya kuku alisimamisha mkono, tukarudisha nyuma, mara tatu. Akaomba sehemu hiyo awe nayo. Mwenzangu alitoa kadi ya simu yake mwenyewe tukamwekea.

Mengine alisema tufute, nami nilifuta akiangalia. Akauliza kama basi imeisha. Tangazo lilikuwa limekwisha kupita kwenye WhatsApp, kwa watu nisiowajua, Butembo, Goma, sijui wapi tena. Nilimwambia hivyo.