Siku za Mwisho Mandvi

Lugha yetu ina jina la heshima kwa kila aendaye India. Mwenye bidhaa ni mfanyabiashara, mwenye vitabu ni mwanafunzi, na mwenye maradhi ni mgonjwa aliyekwenda kutibiwa, naye huombewa dua. Lakini mtu mzima mwenye akili zake, aliyefunga shanta mgongoni akaenda kutazama tu kisha akarudi, jina lake ni mzururaji. Jina hilo nililibeba miezi minne, kuanzia Novemba 2017, na wala sikulionea uzito mpaka ziliposalia siku kumi na moja.

Nilikuwa nimeteremka kwa treni kutoka Mumbai hadi Kanyakumari, ncha ya kusini kabisa ya India bara, nikapanda tena kwa pwani ya mashariki mpaka Kolkata, ambako chai hutiwa katika vikombe vidogo vya udongo vinavyotupwa mtu akishakunywa. Huko Varanasi nilikwama siku kadhaa kwa sababu ukungu wa Januari ulichelewesha treni zote za kaskazini, na wala sikukasirika. Nilikuwa na muda. Msafiri mwenye muda ni tajiri, hata kama analala chumba kimoja na watu wanane na kufua shati lake kwenye ndoo.

Siku za mwisho ni habari nyingine. Kila kitu hugeuka hesabu. Mjini Ahmedabad upo msikiti wa Sidi Saiyyed, uliomalizwa mwaka 1573 na mtu wa asili ya Uhabeshi, wenye dirisha la jiwe lililochongwa mfano wa mti, matawi yakisukana na majani yake hata usiamini kwamba ni jiwe. Nilitamani kuliona tangu siku niliyoiona picha yake. Nikasimama mbele yake na kujikuta nagawanya rupia 9,200 kwa idadi ya shangazi zangu. Toa nauli ya treni, toa chakula, toa malazi ya Mumbai: kila mmoja apate nini? Lile dirisha nililiona baadaye zaidi, katika picha niliyoipiga.

Hesabu yenyewe ilikuwa na mzizi nyumbani. Nina nyumba Fuoni, nje kidogo ya mji wa Unguja, ambayo wakati ule kuta zake zilikuwa zimefika lenta. Fedha zilizonizungusha India ndizo zingenunua mbao na bati. Zilikuwa zangu, nimezichuma mwenyewe, na mpaka leo nasema hivyo hivyo. Lakini mama yangu hupita pale kila wiki, na usiku wa Ahmedabad aliniambia kwenye simu, "Watu wananiuliza umekwenda kusomea nini. Nimewaambia bado hujamaliza." Sikujua nicheke au ninyamaze.

Zilikuwa zimesalia siku za kuona mahali pamoja tu, nikachagua Mandvi, mji wa bandari katika Kutch, kilomita zipatazo 60 kutoka Bhuj. Mzanzibari anayo sababu ya kufika Kutch. Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Unguja enzi za Seyyid Said, asili yake ni Mundra, jirani na hapo. Zahanati kongwe yenye roshani za mbao ufukweni petu ni ya Tharia Topan, mtu wa Kutch pia, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Walikuja na kaskazi wakarudi na kusi, na baadhi yao hawakurudi.

Ukingoni mwa mto Rukmavati mafundi wanaunda majahazi ya mbao mpaka leo. Siku hizi yanatiwa injini, lakini ubavu wake unapanda ubao baada ya ubao kama zamani, juu kuliko nyumba ya ghorofa, na chini yake mbuzi wamelala kivulini. Nilikuwa nimekaa juu ya gogo nikila dabeli, chakula cha mji huo: mkate wa duara uliopasuliwa na kujazwa viazi vya kuponda, karanga na punje za komamanga. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai jirani akanitazama kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili, "Wewe mtu wa wapi?"

"Wa Unguja. Shikamoo, mzee."

Akaweka kikombe chini. "Marahaba, mwanangu. Unguja wapi?"

Alizaliwa mjini kwetu. Baba yake alikuwa na duka la misumari na kamba Darajani. Waliondoka mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, naye ana miaka kumi na tatu. Kiswahili alikuwa akizungumza na dada yake tu, hasa walipotaka wajukuu wasisikie, na dada alikuwa ameshafariki. Maneno mengine yalikuwa yamemkimbia. Aliniuliza jina la tunda fulani: jekundu, lina manywele, ukilimenya ndani jeupe.

"Shokishoki," nikamwambia.

Akalitamka mara tatu, taratibu, mkono wake ukiwa umekunjwa kana kwamba analo kiganjani. Fundi mmoja akamuuliza jambo kwa Kikachi, akamwashiria angoje.

Nilitazamia aniulize nimefuata nini India, maana nilishalizoea swali hilo kwa Waafrika na Wahindi pia. Yeye aliuliza, "Umepita wapi na wapi?" Nikaanza Mumbai. Alitaka kila kituo. Nilipofika Kanyakumari alitaka kujua bahari ya huko ina rangi gani, kwa kuwa yeye, mtoto wa Unguja na mkazi wa Mandvi, hakuwahi kufika kusini kupita Mumbai. Tulikaa hadi adhuhuri, na kesho yake nikarudi tukaendelea kuanzia Kolkata. Siku zile mbili sikupiga hesabu yoyote. Zawadi nilinunua mbio mbio huko Bhuj, nusu saa kabla ya treni: mitandio minne ya pamba, na shangazi ni watano.

Treni ilikwenda usiku kucha mpaka Mumbai. Kutoka hapo ndege ilinifikisha Nairobi kwa saa zipatazo sita, safari ambayo kwa jahazi ingengoja upepo na kula wiki kadhaa. Pale uwanjani Unguja mpwa wangu aliyekuja kunipokea alitazama nyuma yangu, akauliza mizigo mingine iko wapi.

Mama alingoja nile kwanza. Kisha nikamsimulia habari za yule mzee, pamoja na duka la misumari. Akanitaka nilieleze lilikuwa upande gani hasa, nikamweleza kama nilivyoelezwa.

"Pale sasa wanauza simu," akasema. Akakaa kimya kidogo. "Na hilo paa?"

"Bati zimepanda bei, mama."

"Zimepanda ulipokuwa unazurura," akasema, akanipakulia wali mwingine.