Mwanafunzi wa Walimu Saba

Msomaji mpendwa, katika lugha yetu mtu afundishaye watoto hesabu na mtu afundishaye timu kucheza mpira huitwa kwa jina moja: mwalimu. Kwa miaka mingi nalilitumia neno hilo bila ya kulitafakari. Kisa cha mchezaji mmoja wa Marekani ndicho kilichonionyesha kuwa jina ni moja kwa sababu kazi ni moja, na makosa yake ni mamoja. Nataka nikusimulie kisa hicho, kisha nikuungamie jambo langu mwenyewe.

Mchezo wenyewe si huu tuuchezao sisi kwa miguu. Mtoto wa mjomba wangu, aliyekwenda Marekani kwa masomo, ndiye aliyenieleza sheria zake alipokuja nyumbani likizoni. Mpira wao umechongoka ncha mbili, nao hushikwa, hukimbizwa na kurushwa kwa mikono. Timu mbili za watu 11 hugombea ardhi. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira huwa wa wapinzani. Katikati ya mashambulizi husimama mtu mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye hupokea mpira kila shambulio linapoanza, na kwa muda wa sekunde tatu hivi, huku watu wenye uzito wa kilo mia na zaidi wakimjia kumwangusha, hana budi atazame, aamue, arushe. Akikosea, mpira hunyakuliwa na adui.

Kabla ya hapo husikia amri ya mwalimu kwa chombo cha redio kilicho ndani ya kofia yake ngumu. Amri hiyo si sentensi ya kawaida. Ni mfuatano wa maneno na tarakimu, na kila mwalimu ana msamiati wake. Mbinu iitwayo kwa jina hili na mwalimu huyu, huitwa kwa jina jingine na mwalimu yule. Kila timu ina mwalimu mkuu, na chini yake yupo mwalimu wa mashambulizi, ambaye aghalabu ndiye amleaye kwotabeki. Basi mwalimu huyo akibadilishwa, kijana hufanana na mtu aliyejifunza Kiswahili mwaka mzima, kisha asubuhi moja akaambiwa ya kuwa tangu leo shule yote itasema Kiarabu.

Kuna timu iitwayo San Francisco 49ers. Mwaka 1979 timu hiyo ilimpata mwalimu mkuu Bill Walsh, na mwaka uo huo ikamchagua kijana Joe Montana, akiwa mtu wa 82 kuchaguliwa katika ligi nzima. Msimu huo ilishinda michezo 2 na kushindwa 14. Walsh hakufukuzwa. Montana naye hakutupwa vitani siku ya kwanza. Alikaa nyuma ya mchezaji mwenye uzoefu, akaingizwa kidogo kidogo kama mtoto afundishwavyo kuogelea penye maji ya magotini. Msimu wa 1981 timu ikatwaa ubingwa, na kabla ya karne kwisha ilikwisha kuutwaa mara tano.

Lakini utajiri wa baba si elimu ya mwana. Msimu wa 2004 timu hiyo hiyo ilirudi palepale ilipoanzia: ushindi 2, kushindwa 14. Kwa sheria ya ligi hiyo, timu iliyofanya vibaya kuliko zote hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua chipukizi. Aprili 2005 wakamchagua Alex Smith wa Chuo Kikuu cha Utah, kijana wa miaka 20. Siku hiyo kijana mwingine, Aaron Rodgers, ambaye watu wengi walidhani angeweza kuwa wa kwanza, aliketi akingoja saa baada ya saa, mpaka akachukuliwa na Green Bay Packers akiwa wa 24.

Sasa tazama, msomaji, jinsi njia mbili zinavyoachana. Rodgers alikaa nje misimu mitatu, akimtazama mkongwe Brett Favre na kujifunza. Smith aliingizwa uwanjani mwezi wa Oktoba wa mwaka uo huo, timu yake ikafungwa 28 kwa 3 na Indianapolis Colts, na pasi zake nne zikanyakuliwa. Msimu ulipokwisha, alikuwa amerusha pasi moja tu ya bao, na pasi zilizonyakuliwa zilikuwa 11. Watu wakasema: tumenunua mbuzi ndani ya gunia.

Mwalimu wake wa mashambulizi mwaka huo wa kwanza alikuwa Mike McCarthy. Mwaka 2006 McCarthy alipata cheo cha mwalimu mkuu kwingineko, akaenda zake. Akaja Norv Turner. Kijana akaanza kuchanua, akacheza michezo yote 16, na timu ikashinda 7. Mwaka 2007 Turner naye akapata cheo cha mwalimu mkuu kwingineko. Akaja Jim Hostler. Mwaka 2008 akaja Mike Martz. Mwaka 2009 akaja Jimmy Raye. Mwaka 2010 Raye akaondolewa baada ya michezo mitatu tu, akashika Mike Johnson. Walimu sita katika misimu sita! Hapo katikati bega la Smith liliumia mwaka 2007, na msimu wa 2008 hakucheza hata mchezo mmoja. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini hapa chombo kilipokwenda mrama hakuna aliyewatazama manahodha. Aliyezomewa ni yule mtu wa usukani, katika uwanja wa nyumbani kwake, na watu wa mji wake.

Na McCarthy alikwenda wapi? Alikwenda Green Bay, kwa Rodgers. Walikaa pamoja tangu 2006 hata 2018, na Februari 2011 wakatwaa ubingwa. Mwalimu aliyemwanza Smith ndiye aliyemkuza Rodgers, ila mmoja alipata mwaka wake mmoja na mwingine akapata miaka mingi.

Sisemi kwamba Smith angekuwa Rodgers lau wangebadilishana viti. Vipawa havigawanywi sawa, na mwenye kusema kila mtoto aweza kila jambo huwadanganya watoto. Nasema neno dogo kuliko hilo: hakuna aliyeweza kujua Smith ni nani, kwa kuwa hakuna aliyekaa naye muda wa kumjua.

Mwaka 2011 akaja mwalimu mkuu mpya, Jim Harbaugh, ambaye zamani alikuwa kwotabeki mwenyewe. Miezi ile wenye timu walikuwa katika mgogoro na wachezaji juu ya mkataba, na wachezaji walizuiwa kukutana na walimu wao. Smith, ambaye mkataba wake na timu ulikuwa umekwisha, na angeweza kwenda kutafuta bahati mahali pengine, aliwakusanya wenzake, akawafundisha mbinu za mwalimu mpya kutoka katika kitabu. Mwalimu wa mashambulizi sasa alikuwa Greg Roman, wa saba kwa hesabu. Lakini safari hii walitazama kwanza kijana aweza nini, wakajenga juu ya hicho. Timu ikashinda michezo 13 na kushindwa 3. Smith akarusha pasi 17 za mabao, na 5 tu zikanyakuliwa. Tarehe 14 Januari 2012, zikiwa zimebaki sekunde 9, alimrushia Vernon Davis pasi ya bao iliyowashinda New Orleans Saints, 36 kwa 32. Uwanja uliomzomea ukamshangilia.

Msomaji, nilipokuwa nikiyasoma hayo, nalikuwa na mwanafunzi katika kidato cha tatu. Nitamwita Kombo, jina ambalo si lake. Nalihamia shule ile katika muhula wa pili. Insha ya kwanza aliyoniletea ilikuwa na mistari minne. Ya pili ilikuwa na miwili. Ya tatu ilikuwa karatasi nyeupe yenye jina lake juu. Katika ripoti ya kufunga muhula naliandika: "Mvivu. Hana moyo wa kusoma." Maneno matano, yaliyonichukua muda usiotimia dakika moja.

Shule ilipofunguliwa baba yake alikuja, ripoti ikiwa imekunjwa mkononi. Hakuja kwa ugomvi. Alisema, "Mwalimu, mimi ni mtu wa shamba. Ikiwa mtoto hana moyo, heri anisaidie kulima kuliko kula karo bure. Wewe ndiwe ujuaye." Kombo alisimama kando yake, akitazama viatu vyake. Neno lile, "wewe ndiwe ujuaye," lilinikaba koo, kwa sababu nalijua ya kuwa sijui. Nalimwomba mzee anipe wiki moja.

Jioni ile nalimtaka Kombo aniletee madaftari yake yote ya insha tangu kidato cha kwanza. Aliyaleta manne, na ndani yake mlikuwa na wino mwekundu wa mikono minne. Mwalimu wa kwanza aliandika: "Anza kwa methali." Wa pili aliikata methali kwa mstari mnene na kuandika: "Acha kukariri." Wa tatu: "Fupi mno, panua." Wa nne: "Maneno mengi, punguza." Katika daftari la kwanza mlikuwa na insha ya kurasa mbili juu ya mbuzi wa bibi yake aliyepotea usiku wa mvua, nayo ilipewa alama 16 kwa 20. Naliisoma mara mbili, na mara ya pili nalicheka peke yangu, kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

Kijana huyu hakuwa mvivu. Alikuwa mtiifu. Aliwatii walimu wanne wasioagana, mpaka utii ukamwachia mahali pamoja tu pasipoweza kukosolewa: karatasi nyeupe.

Lakini halikuwa hilo lililoninyima usingizi. Katika shule yangu ya kwanza naliliacha darasa langu baada ya mihula miwili, kwa kuwa nalipata nafasi karibu na mji, yenye nyumba nzuri zaidi. Kuhama si kosa. Hata McCarthy na Turner walikwenda walikoitwa, na nani angekataa? Kosa langu ni kuwa naliondoka kama mtu atokaye sokoni. Sikumwandikia mwalimu aliyenifuata hata mstari mmoja kumwambia watoto wale wamefika wapi, nani aogopa nini, nani ana kipaji kilichojificha. Mahali fulani katika nchi hii, msomaji, yumkini yuko Kombo mwingine, na katika daftari lake mna wino wangu mwekundu.

Baba yake aliporudi nalimwambia, "Mzee, nalikosea. Mtoto ana moyo. Sisi ndio tuliomchanganya." Nalimwomba mwalimu mkuu fomu nyingine ya ripoti, nikaiandika upya. Kombo nalimpa sharti moja tu kwa muhula mzima: aandike alichokiona kwa macho yake, nami sitasahihisha jingine lolote. Wiki ya kwanza alileta nusu ukurasa. Mwisho wa mwaka alileta kurasa mbili. Hakuwa wa kwanza darasani, wala sitakudanganya kuwa alikuwa. Lakini alimaliza kidato cha nne pamoja na wenzake, na baba yake hakusema tena habari ya shamba. Nami nilipohamishwa tena, naliacha mezani barua ya kurasa tatu kwa ajili ya mwalimu ajaye, kila mtoto na jina lake.

Hadithi ya Smith ina mwisho ambao naupenda kuliko ushindi wake. Mwaka 2012 aliumia kichwa, na kijana mwingine akakishika kiti chake kwa kudumu. Mwaka 2013 akapelekwa Kansas City Chiefs. Mwaka 2017 timu hiyo ikamchagua chipukizi aitwaye Patrick Mahomes, na kila mtu alijua, Smith naye akiwamo, kuwa kijana yule ameletwa achukue nafasi yake. Mwalimu mkuu, Andy Reid, hakumtupa vitani. Msimu ule mzima alimpa mchezo mmoja tu, wa mwisho. Na Smith, mwanafunzi wa walimu saba, alimfungulia kijana daftari lake, akamwonyesha jinsi ya kujiandaa juma zima kabla ya mchezo. Mwaka uliofuata Smith aliondoka, na Mahomes akarusha pasi 50 za mabao. Februari 2020 akatwaa ubingwa, tena kwa kuishinda San Francisco 49ers.

Kwako wewe usomaye ukiwa darasani, nina maneno mawili. La kwanza: walimu wako watabadilika, maana sisi ni watu, tunahama, tunaugua, tunapandishwa vyeo. Wakibadilika, usingoje karatasi nyeupe ikulinde. Kusanya wenzako kama Smith alivyowakusanya wake, mfundishane mlichonacho. La pili: siku moja nawe utawekwa juu ya mtu mdogo wako, iwe kazini, nyumbani au uwanjani. Ukiona ameshindwa, kabla hujaandika maneno matano ya kumhukumu, omba kwanza madaftari yake ya zamani, uyasome mpaka ukurasa wa mwisho.